Uraia bila kura: maneno madogo yaliyowafungia mlango wenyeji wa asili wa Marekani

Ukimuuliza mtu aliyesoma historia ya Marekani ni lini wenyeji wa asili wa nchi ile walipata haki ya kupiga kura, huenda akakujibu bila kusita: mwaka 1924. Ndiyo tarehe iliyozoeleka. Juni 2 mwaka huo Rais Calvin Coolidge alitia saini sheria ya kuwafanya raia wenyeji wote waliozaliwa ndani ya mipaka ya Marekani. Wengi wao walikwishapata uraia kwa njia nyingine kabla ya hapo. Waliobaki, watu 125,000 hivi, waliupata siku hiyo, katika ardhi ambayo mababu zao waliishi kabla Marekani haijapewa jina.

Lakini isome sheria yenyewe. Ni fupi mno, na ndani yake hakuna mahali palipotajwa kura. Inasema raia, basi. Nchini Marekani suala la nani aandikwe kwenye daftari la wapiga kura limekuwa tangu mwanzo mikononi mwa majimbo, na baadhi ya majimbo yaliuona mwanya huo mara moja. Arizona na New Mexico ziliendelea kuwazuia wenyeji hadi 1948. Utah hadi 1957. Maine iliwaruhusu wakazi wa maeneo waliyotengewa kupiga kura za kitaifa mwaka 1954, lakini kura za jimbo lenyewe wakazisubiri hadi 1967.

Kwa hiyo swali la "lini" halitufikishi mbali. Swali la maana zaidi ni walizuiwa kwa njia gani, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Tangu 1870 Katiba ya Marekani inakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake. Jimbo halikuweza tena kusema waziwazi kwamba halimtaki mtu kwa kuwa ni mwenyeji. Lilihitaji neno jingine. Likapatikana neno "kodi". Lilipochakaa likaja "ulezi", kisha "ukazi", na katika miaka yetu hii, "anwani". Kila neno ukilisikia peke yake ni la kawaida kabisa, la kiofisi, halina chuki. Ni pale unapoyapanga yote kwenye mstari mmoja ndipo unapoona kazi yaliyotumwa kuifanya.

Kabla sijaendelea, niseme jambo kuhusu majina. Kwa Kiswahili tumezoea kuwaita "Wahindi Wekundu", jina lililorithiwa kutoka kwenye kosa la Christopher Columbus, aliyedhani amefika Asia. Wenyewe hujitaja kwa mataifa yao: Lakota, Navajo, Ho-Chunk, Pueblo, na mengine mengi, serikali ya Marekani inatambua mataifa zaidi ya 570. Na maeneo waliyosukumiwa baada ya kunyang'anywa ardhi nitayaita rizavu, neno ambalo wazee wa Kenya hawahitaji kufafanuliwa, maana waliishi humo wakati wa mkoloni.

Mtu, lakini si raia

Msingi wa tatizo lote ni kwamba Marekani haikuwahi kukata shauri kama hawa watu ni wa ndani au wa nje. Kwa karibu miaka 100 ilifunga nao mikataba kama nchi inavyofunga na nchi nyingine. Mwaka 1871 Bunge likasitisha mikataba mipya, bila kuwapokea kama raia. Miaka mitatu kabla, mwaka 1868, Marekebisho ya 14 ya Katiba yalikuwa yametangaza kuwa kila anayezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Lakini marekebisho hayohayo, yalipoeleza jinsi ya kuhesabu watu kwa ajili ya viti vya bunge, yaliwaacha nje "Wahindi wasiotozwa kodi". Maneno hayo machache tutakutana nayo tena miaka 80 mbele.

Mwaka 1880, mwanamume mmoja wa taifa la Ho-Chunk, kwa jina John Elk, aliamua kulipima jambo hilo. Alikuwa ameondoka kwa watu wake na kuhamia Omaha, Nebraska, akaishi mjini kama wakazi wengine. Mwezi Aprili akaenda kujiandikisha ili apige kura katika uchaguzi wa mji. Afisa mwandikishaji, Charles Wilkins, akamkatalia.

Mawakili wa Elk, Andrew Poppleton na John Webster, walikuwa na sababu ya kuwa na matumaini. Mwaka mmoja nyuma, katika mji huohuo wa Omaha, walimtetea Standing Bear, kiongozi wa taifa la Ponka aliyekamatwa na jeshi alipokuwa akirudi nyumbani kumzika mwanawe. Jaji aliamua kwamba mwenyeji ni "mtu" mbele ya sheria na anaweza kudai uhuru wake mahakamani. Hebu fikiria: mwaka 1879, ilibidi mahakama ikae iamue kwamba mtu ni mtu.

Kuwa mtu hakukutosha. Novemba 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji saba kwa wawili, kwamba John Elk si raia. Alizaliwa ndani ya taifa lake, ikasema, hivyo utii wake wa kuzaliwa ni kwa taifa hilo, mfano wa mtoto wa balozi wa kigeni anayezaliwa Washington. Na kuondoka kwake kwenda kuishi mjini hakumpi uraia, kwa sababu uraia si kitu cha kujichukulia. Lazima serikali ikubali kumpokea.

Sasa tazama alivyobanwa. Mzungu aliyeshuka melini New York aliweza kuomba uraia baada ya miaka mitano. Tangu 1870 hata mtu mwenye asili ya Afrika aliyetoka nje aliweza kuomba. Sheria ya kuomba uraia ilitaja makundi hayo mawili tu, na John Elk hakuwa katika lolote. Alikuwa mgeni asiye na nchi ya ugenini. Jaji John Harlan, mmoja wa wawili waliopinga, aliandika kwamba hukumu hiyo imeacha ndani ya nchi kundi la watu wasio na utaifa wowote. Nami nadhani alisema kweli tupu.

Mshale wa mwisho

Miaka mitatu baadaye Bunge lilifungua njia, lakini kwa masharti. Sheria ya Dawes ya 1887 iliikata ardhi ya rizavu vipande vipande. Kila mkuu wa kaya alipewa ekari 160, na aliyekubali kipande chake, au aliyekwenda kuishi "kistaarabu" mbali na kabila lake, alihesabiwa raia. Ardhi iliyobaki baada ya ugawaji iliitwa ya ziada, ikauzwa kwa walowezi. Mwaka 1887 wenyeji walikuwa na ekari milioni 138 hivi. Kufikia 1934 walibakiwa na milioni 48. Uraia ulikuja umeshikana mkono na upotevu wa ardhi, na hilo ni muhimu kulikumbuka tutakapofika kwa wale waliokataa kuwa raia.

Serikali ilitunga hata sherehe ya tukio hilo. Mwaka 1916 Waziri wa Mambo ya Ndani ya Marekani, Franklin Lane, alisafiri hadi rizavu ya Yankton, South Dakota, kuiongoza. Mwanamume aliitwa mbele kwa jina lake la asili. Akapewa upinde, akaambiwa apige mshale. Akaupiga. Akatangaziwa kwamba huo ndio mshale wake wa mwisho, na kuanzia hapo ataishi kama mzungu. Kisha akasogezwa kwenye jembe la kukokotwa, akaishika mikono yake, akaelezwa kuwa maisha ya mzungu ni kazi. Akapewa pochi ya kuwekea fedha, bendera ndogo na beji, akaitwa kwa jina lake la Kiingereza. Mwanamke hakupewa upinde. Alipewa mkoba wa vifaa vya kushonea. Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara ninabaki na ule upinde mkononi mwa mtu mzima, mbele ya watoto wake, akiagizwa kuaga ukoo wake hadharani ili aruhusiwe kuingia katika nchi iliyomkuta.

Alaska walikuwa na njia yao. Sheria ya huko ya mwaka 1915 ilimtaka mwenyeji anayetaka uraia athibitishe kuwa ameacha mila za kabila lake, na adhaminiwe na raia wazungu watano.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji zaidi ya 12,000 walivaa sare za jeshi la Marekani, na mwaka 1919 wale walioachishwa jeshi kwa heshima wakapewa nafasi ya kuomba uraia. Mwaka 1924 ukaja ule wa jumla.

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapopita mbio. Kuna waliokataa. Mataifa ya Haudenosaunee, wanaoitwa pia Iroquois, yenye makao katika eneo la New York na Kanada, yalisema: sisi ni nchi. Tuna mikataba na ninyi, na mtu hapewi uraia wa nchi nyingine kwa barua bila kuulizwa. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, kiongozi wao Deskaheh alikuwa amesafiri kwa pasipoti ya Haudenosaunee hadi Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, akidai watambuliwe. Hakupewa nafasi ya kuhutubia. Hadi leo wapo Wahaudenosaunee wasiopiga kura katika uchaguzi wa Marekani, na hawaoni kwamba wananyimwa kitu. Kwao kuipiga ndiko kungekuwa kupoteza.

Simwoni aliyekataa kura kama msaliti wa aliyeidai. Wote wawili walikuwa wakijibu swali lilelile, kama mtu anaweza kuwa wa taifa lake na wa Marekani kwa wakati mmoja bila kukatwa sehemu. Aliyeipigania kura mahakamani alisema ndiyo, inawezekana. Kwa muda mrefu majimbo yalimjibu hapana.

Raia aliye chini ya mlezi

Mwaka 1928 wanaume wawili wa taifa la Pima, Peter Porter na Rudolph Johnson, walikwenda kujiandikisha katika kaunti ya Pinal, Arizona. Waliishi rizavu ya Gila River. Walikuwa raia kwa sheria ya 1924, hakuna aliyelibishia hilo. Lakini Katiba ya Arizona iliwanyima kura watu wasio na akili timamu na watu walio chini ya uangalizi wa mlezi. Mahakama Kuu ya jimbo ikasema: serikali ya Marekani ndiyo mlezi wa wenyeji, basi wenyeji wako chini ya mlezi, basi hawapigi kura. Mtu mzima, mwenye familia na shamba, akawekwa fungu moja na mgonjwa wa akili.

Hukumu hiyo ilitoka Novemba 1928. Mwezi huohuo Wamarekani walimchagua Charles Curtis kuwa Makamu wa Rais. Curtis alikuwa wa taifa la Kaw upande wa mama yake, na alikulia kwa sehemu katika rizavu huko Kansas. Kwa hiyo mwenyeji aliweza kuwa mtu wa pili kwa ukubwa katika nchi, na mwenyeji mwingine, mwezi uleule, akaambiwa na mahakama kwamba kisheria yuko chini ya mlezi.

Hukumu ya Porter ilisimama miaka 20. Katikati ya miaka hiyo palikuwa na Vita vya Pili vya Dunia. Kijana wa Pima kutoka rizavu ileile ya Gila River, Ira Hayes, alikuwa mmoja wa wanajeshi sita wanaoonekana katika ile picha maarufu wakisimamisha bendera ya Marekani juu ya mlima kisiwani Iwo Jima, Februari 1945. Wanavajo wapatao 400 walipeleka ujumbe wa kijeshi kwa lugha yao iliyogeuzwa kuwa msimbo, na Wajapani hawakuuvunja. Lugha hiyo watoto wengi waliadhibiwa kwa kuizungumza katika shule za bweni za serikali. Walipovua sare na kurudi nyumbani, Ira Hayes na wale Wanavajo hawakuruhusiwa kumchagua hata karani wa kaunti.

Mwaka 1948 ndio ulioivunja kuta mbili kwa mpigo. Arizona, Frank Harrison, mwanajeshi mstaafu wa vita hivyo, na Harry Austin, wote wa rizavu ya Fort McDowell, walikataliwa kujiandikisha katika kaunti ya Maricopa, wakashtaki. Mwezi Julai mahakama ileile iliyomkatalia Porter ikageuka. Jaji Levi Udall alieleza kwamba "mlezi" katika Katiba ya jimbo ni yule anayeteuliwa na mahakama kumsimamia mtu asiyejiweza, na kulivuta neno hilo liwafunike wenyeji ni kulifanyia sheria nguvu.

New Mexico neno lilikuwa lile la "wasiotozwa kodi". Miguel Trujillo alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Isleta Pueblo, askari mstaafu wa kikosi cha Marine. Alifundisha watoto wa Laguna Pueblo. Mwezi Juni alikwenda ofisi ya karani wa kaunti mjini Los Lunas kujiandikisha. Akaambiwa yeye ni Mhindi asiyetozwa kodi.

Mwalimu huyu alilipa kodi ya mapato. Alilipa kodi kila alipojaza petroli na kila alipotoka dukani. Kodi ambayo hakulipa ni moja, ya ardhi ya rizavu, kwa sababu ardhi hiyo kisheria haikutozwa. Agosti 3, jopo la majaji watatu wa shirikisho, yaani wa serikali kuu, mjini Santa Fe lilimpa haki yake. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: mtu wa kabila lingine lolote katika New Mexico angeweza kupiga kura hata kama hajawahi kulipa senti moja ya kodi ya aina yoyote. Sharti la kodi lilimshika mwenyeji peke yake. Basi halikuwa sharti la kodi.

Muda kidogo nizungumzie Utah, maana tutarudi huko. Sheria ya huko ya tangu mwaka 1897 ilisema anayeishi ndani ya rizavu hahesabiwi mkazi wa jimbo kwa madhumuni ya kura. Preston Allen, wa taifa la Ute, alishtaki. Mwaka 1956, miaka 32 baada ya sheria ya Coolidge, Mahakama Kuu ya Utah ilisema sheria hiyo ni sawa: watu wa rizavu hawalipi kodi ya ardhi na hawajui sana mambo ya serikali ya jimbo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokubali kuisikiliza kesi, bunge la Utah liliona mambo yanaelekea wapi, likaifuta sheria hiyo mwaka 1957.

South Dakota ilikuwa na mbinu iliyojificha zaidi. Kaunti zenye wenyeji wengi, kama Todd na ile iliyoitwa Shannon, ziliitwa "zisizoundwa" na kuambatanishwa na kaunti jirani za wazungu kwa ajili ya utawala. Wakazi wake walitawaliwa na viongozi ambao hawakuruhusiwa kuwachagua. Mahakama ilikomesha hilo mwaka 1975.

Umbali, lugha na ramani

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 tunaikumbuka kwa ajili ya Wamarekani weusi wa kusini, na ni haki. Lakini marekebisho yake ndiyo yaliyobeba wenyeji. Yale ya 1970 yalisimamisha mtihani wa kusoma na kuandika katika majimbo yote, mtihani ambao Arizona iliutumia kwa Wanavajo waliozungumza lugha yao tu. Yale ya 1975 yakazilazimisha kaunti zenye wenyeji wengi wasiojua Kiingereza vizuri kutoa msaada kwa lugha zao. Kwa lugha zisizo na mapokeo ya maandishi, msaada huo ni wa mdomo: mkalimani anakaa kituoni, anaeleza swali la kura ya maoni kwa Kinavajo, na lazima aeleze bila kumsukuma mpiga kura upande wowote. Kazi hiyo si ndogo, kwani maneno ya kisheria ya Kiingereza mara nyingi hayana neno moja la kuyabeba na yanahitaji sentensi nzima.

Kuwa na haki kwenye karatasi na kukifikia kituo ni mambo mawili. Rizavu ya Wanavajo ina ukubwa wa kilomita za mraba 71,000 hivi. Ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha, na barabara zake nyingi hazina lami. Kwa wengi barua haziletwi nyumbani. Mtu ana sanduku la posta katika kituo cha biashara, pengine mwendo wa saa nzima kwa gari, na sanduku moja hutumiwa na familia kadhaa. Kwa watu wanaoishi hivyo, upigaji kura kwa posta, unaosifiwa mjini kuwa ni rahisi, ni mzigo. Ndiyo maana desturi ya jirani kukusanya karatasi za kura za wazee na kuzipeleka ilikuwa na maana sana. Arizona iliifanya kosa la jinai kwa wengi wasio ndugu wala watunzaji wa mpiga kura, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaibariki sheria hiyo.

Na sasa neno "anwani". Msomaji wa Dodoma au Kakamega atalielewa hili kwa haraka kuliko msomaji wa Chicago. Sisi pia kwa miaka mingi tumejitambulisha kwa S.L.P., na ukimwelekeza mtu nyumbani unamwambia apite msikiti, akunje kwenye mwembe. North Dakota, baada ya uchaguzi wa seneti wa 2012 ambao mgombea aliyeungwa mkono sana na wenyeji alishinda kwa kura zisizofika 3,000, ilibadilisha sheria ya vitambulisho. Kitambulisho kikatakiwa kiwe na anwani ya mtaa na namba ya nyumba. Sanduku la posta halikukubaliwa. Nyumba nyingi za rizavu hazikuwa na namba, na si wakazi waliokataa kuzipa namba. Hakuna mamlaka iliyowahi kwenda kuziandika.

Oktoba 9, 2018, wiki nne kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Juu ilikataa kuisimamisha sheria hiyo. Wakazi wakaambiwa wampigie mratibu wa simu za dharura wa kaunti yao awapatie anwani. Katika kaunti moja mratibu huyo alikuwa sherifu mwenyewe.

Yaliyotokea kwenye rizavu ya Turtle Mountain wiki hizo nimeyafuatilia kwa moyo. Ofisi ya kabila ilianza kutoa vitambulisho bure. Watu wakapanga foleni: wazee, vijana wa chuo, wazazi waliobeba watoto. Mashine ya kuchapisha vitambulisho ilifanya kazi hadi ikapata moto, ikabidi ipumzishwe. Walipiga kura kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana huko. Na katika wilaya moja ya mji wa Fargo, mwanamke wa taifa la Mandan, Hidatsa na Arikara, Ruth Buffalo, alimwangusha mbunge wa jimbo aliyekuwa mdhamini mkuu wa ile sheria ya vitambulisho.

Jimbo lilikubali masharti nafuu mwaka 2020. Mwaka uliofuata likachora ramani mpya ya majimbo ya uchaguzi, na mataifa ya Turtle Mountain na Spirit Lake yakaishtaki kwamba imewabana. Yalishinda mwaka 2023, na mwaka 2024, kwa ramani iliyorekebishwa, mmoja wa waliofungua kesi alichaguliwa kuingia bunge la jimbo. Lakini Mei 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikageuza: haikusema ramani ya jimbo ilikuwa ya haki, ilisema wananchi hawaruhusiwi kushtaki kwa kutumia ile Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Julai Mahakama ya Juu ikaizuia hukumu hiyo isianze kutumika kwanza. Neno jipya, basi, ni "nani anayeweza kushtaki", na lina hatari kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa likikubaliwa, hata ukijua umeonewa hutakuwa na mahali pa kwenda kusema.

Kitovu

Nilisema tutarudi Utah. Kaunti ya San Juan iko kusini mashariki, na wenyeji, wengi wao Wanavajo, ni takribani nusu ya wakazi. Baraza lake lina viti vitatu. Kwa miongo kadhaa Wanavajo walisongamanishwa katika wadi moja, wakawa wanashinda kiti kimoja kwa kura nyingi kupindukia, huku viti viwili vikibaki kwa wazungu daima. Hiyo ndiyo njia ya kuizimua kura ya mtu bila kumnyang'anya. Mwaka 2016 jaji wa shirikisho alisema ramani hiyo inakiuka Katiba, na ramani mpya ikatumika katika uchaguzi wa 2018.

Mgombea mmoja wa Kinavajo, Willie Grayeyes, akaondolewa kwenye karatasi ya kura na karani wa kaunti. Sababu iliyotolewa: si mkazi wa Utah. Ilikuwa mwaka 2018, na neno lilikuwa lilelile lililomrudisha Preston Allen. Mahakama iliamuru arudishwe, akashinda, na kwa mara ya kwanza Wanavajo wakawa na wingi katika baraza la kaunti. Lakini aliyeshindwa naye akaenda mahakamani tena, akitaka ushindi ufutwe kwa sababu ileile ya ukazi. Nyumba ya Grayeyes ni ya mbali sana, karibu na mpaka wa Arizona. Namba ya mtaa haina, na kwa barua na mahitaji watu wa huko huvuka mpaka.

Januari 2019 jaji wa jimbo alisikiliza ushahidi. Grayeyes hakuwa na namba ya mtaa ya kuonyesha. Alieleza mifugo, ndugu, na mahali anaporudi kila anapomaliza safari. Na akaeleza kwamba alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa pale, katika nchi ya juu karibu na Navajo Mountain, kama ilivyo desturi yao. Jaji aliliandika hilo katika hukumu, miongoni mwa mambo yanayoonyesha mtu huyu ni mkazi wa wapi, kisha akampa kiti chake.